Mama Kanda na Robo ya Picha

Mama Kanda alikuwa na ugomvi na nusu ya mtaa, na ugomvi wenyewe ulihusu mistari miwili myeusi.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha kanda za zamani za video kwenye flashi. Chumba chake kilibanwa kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli, chembamba kiasi kwamba mteja mnene akitaka kuingia, Mama Kanda ilibidi atoke kwanza ampishe. Ndani mlikuwa na deki tatu za kuchezea kanda, mbili nzima na ya tatu ya kuchangia viungo kwa wenzake, kompyuta moja yenye kelele, kopo la pamba, chupa ya spiriti, na ukutani zilining'inia fremu mbili alizokata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Moja ilikaribia kuwa mraba, nyingine ilikuwa pana na fupi. Hizo ndizo silaha zake.

Maana mambo yalikuwa hivi. Mteja analeta kanda ya harusi yake ya miaka hiyo. Anakabidhiwa flashi, anakwenda nyumbani mbio, anawaita majirani, anaichomeka kwenye TV yake mpya pana. Picha inatokea, safi kabisa, lakini imekaa katikati, na kila upande kuna mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Kesho yake asubuhi, kabla hata kinyozi hajafagia, mteja yuko mlangoni amenuna.

"Mama Kanda, mimi nimenunua TV kubwa. Wewe unanipa picha ndogo. Haya mapazia meusi ya nini? Kuna aliyekufa?"

Mama Kanda anashusha fremu zake. "Njoo uone. Zamani kamera zilipiga hivi, nne kwa tatu. TV yako iko hivi, kumi na sita kwa tisa. Nikitaka kukujazia kioo nina njia mbili tu. Nikuvute pembeni, mashavu yako yafike mabegani. Au nikukuze, kisha nikukate juu na chini. Sasa chagua mwenyewe, unene au kukosa kichwa?"

"Mbona Jaza anajaza na watu wana vichwa?"

Hapo ndipo damu ya Mama Kanda ilipochemka. Jaza alikuwa na duka mtaa wa pili, na jina lake halisi watu walikwishalisahau. Kwake hakuna aliyetoka na mstari mweusi. Aliwavuta, aliwakata, alifanya lolote mradi kioo kijae, na wateja walimpenda kwa sababu waliona wamepata TV yao yote waliyoinunua. Kuna bwana mmoja aliyekaa miaka mitatu akiamini shangazi yake alikuwa mnene, kumbe marehemu alikuwa mwembamba kama ufito.

"Tafuta duara," Mama Kanda alizoea kumwambia kila aliyekubali kusikiliza. "Sahani, saa ya ukutani, tairi la gari. Sahani ikiwa yai, jua mtu wako amevutwa. Duara halisemi uongo."

Sasa mtu mwenye msimamo namna hiyo ungetarajia kanda ya harusi yake mwenyewe iwe imehamishwa kwa ustadi wa hali ya juu. Wapi! Mganga hajigangi. Kanda ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda chake. Mume wake, fundi rangi aliyekuwa mrefu hata ngazi aliitumia kwa nadra, alifariki binti yao akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo Mama Kanda alihamisha harusi za mji mzima, ila si yake. Kaka yake, ambaye nyumba nzima walimwita Mjomba kwa ajili ya yule binti, aliwahi kuiazima kanda, akatengenezewa flashi, akairudisha. Flashi hiyo ilipowekwa kwenye sikukuu za familia, Mama Kanda alitoka barazani kupunga upepo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Binti sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na Jumamosi ilikuwa harusi yake.

Jumapili, siku sita kabla, ukoo ulikutana sebuleni kwa Mjomba kupanga shughuli. TV ya Mjomba ilichukua karibu ukuta mzima, na rimoti yake ilikuwa bado imevishwa nailoni ya dukani. Chini ya TV, kwenye kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka, alikaa Babu, baba yake Mama Kanda. Babu alikuwa mkaguzi wa mizani mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu aliendelea kukagua kila kitu, pamoja na wakwe. Wauza maharage waliomjua walikuwa bado wakimwona kwa mbali wanaongeza kiganja kizima kwenye mzani.

Binti alipiga magoti mbele yake. "Babu, nina ombi. Jumamosi nataka unishike mkono uniingize ukumbini, halafu tufungue muziki mimi na wewe, watu wakituangalia. Baba angekuwepo ningemwomba yeye. Sina mwingine, Babu."

Babu alikohoa. "Kukuingiza nitakuingiza, mjukuu wangu. Kucheza, hapana. Miguu yangu haijacheza muziki tangu nizaliwe."

"Mwongo mkubwa huyo," Bibi alisema kutoka kwenye kochi, bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anakishona.

"Mke wangu!"

"Mke wako nini? Harusi ya huyu hapa," alimwonyesha Mama Kanda kwa sindano, "nilikaa ubavuni pako. Mguu wako wa kulia ulikuwa haukamatiki."

Ubishi huu ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kila mtu pale aliujua kwa moyo. Mjomba alifurahi kupata sababu ya kuwasha TV. Alichomeka flashi, na harusi ya Mama Kanda ikajaa ukuta kutoka pembe hadi pembe. Bwana na bibi harusi walikuwa katikati ya ukumbi wakicheza. Nyuma yao, safu ya mbele ya viti, alionekana Babu wa enzi hizo ndani ya suti, mikono juu ya magoti, uso kama wa mtu anayepima kilo ya sukari asiyoiamini. Muziki ulivuma, kina mama walijipinda kushoto na kulia, Babu hakutikisika hata ukope.

Sebule ikaangua kicheko. "Bibi, labda ulikaa na mume wa mtu!" alisema Mjomba.

"Namjua mume wangu, na mguu wake naujua," Bibi alijibu, lakini sauti ilikuwa imepungua. Miaka ishirini na sita ya kuitwa mzushi inachosha, hata kwa mtani.

Babu alisimama, akanyoosha kola. "Nasema mbele yenu nyote. Siku mtakayonionyesha hata kidole gumba cha mguu wangu kimecheza muziki, nitacheza Jumamosi mbele ya ukumbi mzima. Nimemaliza."

Binti aliinuka kwa haraka, akasema anakwenda kutazama chai. Chai ilikwishanywewa zamani, vikombe vilikuwa hapo hapo mezani.

Mama Kanda aliona mgongo wa mwanawe ukiingia jikoni na moyo ukamuuma. Kwa ajili ya binti hakutoka barazani safari hii, alibaki sebuleni, ila macho aliyakwepesha. Badala ya kumtazama bwana harusi kwenye kioo aliitazama saa ya ukutani nyuma yake. Saa ilikuwa duara safi. Basi, alijiambia, hakuna aliyevutwa hapa.

Lakini kwa nini macho ya mume wake yalikuwa juu kabisa ya kioo? Alijilazimisha kumtazama. Nyusi zilikuwepo. Paji la uso halikuwepo. Mpiga video wa siku ile alikuwa mzee makini aliyepima mara tatu kabla ya kubonyeza, hawezi kumkata bwana harusi kichwa.

"Kaka," alisema polepole, "kanda yangu ulimpelekea nani?"

Mjomba aliikagua nailoni ya rimoti kama vile anaiona kwa mara ya kwanza. "Ni zamani sana, dada."

"Nani?"

"Jaza."

Bibi aliweka sindano chini. "Mtoto wa tumbo langu," alisema.

"Sasa dada ungeniwekea mapazia! Harusini!"

"Amekata!" Mama Kanda alikuwa amesimama. "Robo nzima ya picha! Nusu ya hiyo robo ameitoa juu, nusu ameitoa chini. Juu amechukua kichwa cha mume wangu. Sasa chini kachukua nini?"

Watu wote sebuleni waliinamisha macho kuitazama miguu ya Babu. Taratibu sana, Babu akaivuta chini ya kiti.

Jumatatu asubuhi Mama Kanda alifika dukani na kanda yake kwenye mfuko, akafunga mlango nusu. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa pembeni mwa utepe. Aliifungua kwa bisibisi, parafujo tano, akaupangusa utepe kidogo kidogo kwa kitambaa laini huku akiuzungusha kwa kidole, akauhamishia kwenye ganda jipya. Alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akakisafisha tena, kisha akakisafisha mara ya tatu, na hapo hata yeye alijua kwamba anachelewesha. Kichwa cha deki kilikuwa kisafi kuliko sahani za nyumbani kwake. Alikuwa anaogopa, basi.

Akapata wazo. Alichukua karatasi ngumu, akaibandika juu ya kioo cha kompyuta, akaacha wazi ukanda mwembamba tu wa chini. Anatafuta miguu? Basi ataona miguu, na waliobaki juu wakae na siri zao. Akabonyeza.

Utepe ulikwaruza, picha ikayumba, ikatulia. Viatu vikaanza kupita. Aliviona viatu vyake vyeupe alivyoazimwa na shangazi, na mbele yake viatu viwili vikubwa kama mitumbwi vilivyokuwa vinakanyaga kila mtu kwa upendo. Akahamisha macho kwenye safu ya viti. Viatu vya Bibi hivi hapa, vya mkanda. Na pembeni yake kiatu cheusi cha mguu wa kulia, kimeng'arishwa, kimesimama vizuri.

Mguu haukuwamo.

Mguu ulikuwa kando ya kiatu, ndani ya soksi ya kijivu, na soksi ilikuwa na tundu, na kwenye tundu kidole gumba cha mkaguzi wa mizani kilikuwa kimechungulia nje kikicheza muziki. Kiliinuka, kikashuka, kikageuka kulia, kikarudi, wala hakikukosea hata pigo moja. Kiitikio kilipoingia mguu mzima ukajiunga, kisigino juu, kisigino chini, na kidole kikitangulia mbele kama kiongozi wa kwaya.

Mama Kanda alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye duka la baiskeli. Alicheka akashika meza, akacheka akashika deki, akakaa sakafuni. Kinyozi alikuja mbio na mashine mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja, shuka ingali shingoni.

"Jirani! Umepigwa na umeme?"

Mama Kanda alionyesha kwa kidole tu. Kinyozi aliinama, akakiona kidole gumba, akaanza na yeye kucheka bila kujua ni cha nani. "Cha nani hiki? Hebu tumwone mwenyewe!" Na kabla Mama Kanda hajanyanyua mkono, akaing'oa karatasi.

Bwana harusi alikuwa pale. Mzima, kutoka utosi hadi soli, na kila upande mstari mweusi umemsimamia. Alikuwa mrefu kama alivyokuwa, amemwinamia bibi harusi wake akimwambia kitu sikioni, na utosini mwake, katikati ya nywele alizochana kwa uangalifu, kulikuwa na doa la rangi nyeupe. Mama Kanda alikumbuka yote kwa mara moja. Asubuhi ya harusi mume wake aliona nguzo za ukumbi zimebanduka, akakataa mke wake aolewe kati ya nguzo chakavu, akazipaka mwenyewe na suti imetundikwa mlangoni. Kumbe hata hakuona kwamba rangi imemdondokea.

Miaka ishirini alikuwa akiogopa kwamba siku atakayomwona ataanguka. Lakini alikuwa sakafuni tayari, na alikuwa anacheka tayari, na kilio kilipofika kilikuta nafasi imejaa ikabidi kichanganyike humo humo. Alifuta macho kwa pamba ya deki.

"Shemeji alikuwa mrefu hivi?" kinyozi aliuliza kwa upole.

"Hivyo hivyo," alisema Mama Kanda. "Hajavutwa wala hajakatwa."

Alhamisi jioni sebule ya Mjomba ilijaa mpaka mlangoni. Babu alikaa kwenye kiti chake, viatu vimefungwa kamba mafundo mawili mawili. Mama Kanda aliivua rimoti nailoni mbele ya mwenye nyumba, akaweka ukubwa wa picha kama ilivyopigwa, na ile mistari miwili ikatokea.

"Mapazia hayo," Mjomba alianza kwa mazoea, kisha akaona kilicho katikati, akampisha binti.

Binti alikuwa amesogea mbele, pua karibu iguse kioo. Baba aliyemjua yeye alikuwa wa picha ndogo ya kitambulisho na wa ile video iliyoishia kwenye nyusi. Alinyanyua mkono, akaugusa utosi wa baba yake.

"Mama, ana rangi kichwani."

"Ndiyo, mwanangu. Nitakusimulia."

"Nywele zake zina kizingo kama zangu. Hapa mbele. Kama zangu!" Alikuwa anacheka huku anajipapasa kichwa, na Bibi alikuwa amemshika kiuno ili asianguke juu ya TV.

Babu, ambaye wakati huo alikuwa amesahauliwa na watu wote, alinyanyuka kimya kimya kuelekea mlangoni.

"Mzee wangu," Bibi aliita bila kugeuka, "rudi ukae. Zamu yako inakuja."

Na ikaja. Mama Kanda alisimamisha picha, akaikuza kona ya chini, kazi aliyowakataza watu maisha yake yote, akaachia. Kidole gumba cha Babu, kikubwa kama mtungi, kikacheza ukutani kwa Mjomba. Sijui niseme nini juu ya kelele zilizofuata. Mtoto wa jirani alidhani timu imefunga bao. Mjomba alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia akilipiga kwa ngumi, na shangazi wawili walikuwa wanashikana wasianguke.

Bibi peke yake hakucheka. Alisubiri mpaka kimya kiliporudi, akasema taratibu, kwa raha ya miaka ishirini na sita, "Njia ya mwongo ni fupi."

"Si uongo!" Babu alipiga kite. "Ni soksi! Viatu vilinibana, nikavua kimoja, nikaona tundu. Mkaguzi mzima wa mizani, mbele ya wakwe, kidole nje! Kama ningekubali kwamba nilicheza, mngeniuliza nilicheza vipi, na ningejibu nini?"

"Kwa hiyo umeniita mzushi maisha yangu yote kwa ajili ya soksi?"

Babu aliinamisha kichwa. Kisha, na hili hakuna aliyewahi kulisikia nyumbani mle, alisema, "Nisamehe, mke wangu. Mzani wangu ulikuwa na hitilafu."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Babu alimwingiza mjukuu wake kwa hatua za ukaguzi, moja, mbili, moja, mbili, na muziki ulipoanza akasimama kama mlingoti. Binti alimshika mikono yote miwili. Mama Kanda, kwenye safu ya mbele, alishika pumzi. Ahadi ni deni, kweli, lakini wazee wana njia elfu za kuugua ghafla.

Babu aliomba kiti. Watu wakaguna. Akakaa katikati ya ukumbi, akafungua kamba za kiatu cha kulia, fundo la kwanza, fundo la pili, akakivua. Soksi ilikuwa mpya kabisa, nyeupe pe, na mbele yake kulikuwa na tundu duara lililokatwa kwa mkasi. Kidole gumba kilikuwa nje.

"Bibi yako ameniuliza kama nina wazimu, soksi mpya," alimwambia mjukuu wake, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma. "Nimemwambia, aliyecheza siku ile ni huyu. Huyu leo hafichwi."

Kisha akasimama, mguu mmoja ndani ya kiatu na mmoja nje, akamshika binti kiuno, akacheza. Mungu wangu, alicheza! Alizunguka, akarudi nyuma, akapiga kisigino, akamzungusha mjukuu mpaka shela ikamfunika yeye uso, na ukumbi mzima ukasimama juu ya viti. Bibi alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake kama msichana. Mama Kanda alikuwa analia na kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja, anapita katikati ya watu kwa viwiko kumfuata mpiga video aliyekuwa ameikazia kamera sura ya bibi harusi.

"Rudi nyuma!" alimpigia kelele, akimvuta shati. "Rudi nyuma, baba! Nataka kichwa na miguu! Mwache na weusi pembeni ukitaka, lakini usinikatie mtu!"